Uwanja wa Bwana Mdogo

Nilikwenda msibani nimevaa nyeusi, na ukumbi mzima ulikuwa umevaa nyeupe. Miaka yote niliyoishi London, nusu yake nikipanda basi hadi Kingsbury kununua bizari na unga wa dengu, sikuwahi kujiuliza Wahindi wa kwetu huvaa rangi gani wakifiwa. Mzee Jayanti, niliyefanya naye kazi ujanani, alikuwa amechomwa asubuhi kwa desturi yao, na mchana sisi tuliobaki tulikaa kwenye meza ndefu tukila wali, dengu na viazi visivyotiwa kitunguu. Binti yake Hansa, aliyezaliwa hapa na anayeelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, alinishika mkono akanizungusha kwa shangazi zake. Kwa kila mmoja alirudia maneno yale yale: huyu ndiye Mwajuma, Baba alisema hakuna mtu aliyemjua yule mnyama wake kama yeye. Shangazi walinitazama kwa heshima. Mimi nilitazama sahani. Kumjua nilimjua, hilo sikatai. Lakini Mzee Jayanti alijua vilevile nilichokifanya kwa kujua kwangu, na inaonekana hakumwambia mtu hata mmoja nyumbani kwake. Alininyamazia mpaka kaburini, na hata hilo kaburi hana. Ni wiki tatu sasa na jambo hili bado linanikera. Afadhali angenisema. Mtu akikusema, unajua pa kuanzia kujibu.

Mnyama mwenyewe anaitwa pudu. Ni kulungu wa misitu ya Chile na ya upande wa pili wa milima, Argentina, na ni miongoni mwa kulungu wadogo kabisa duniani. Kwa kimo ni digidigi. Mgongo wake ulinifika chini ya goti, uzito wake ulikuwa wa mtoto wa mwaka mmoja, na pembe zake mbili, fupi kuliko kidole changu cha kati, zilidondoka kila mwaka zikaota upya. Alikuwa na manyoya mekundu ya kahawia na uso wa mtu aliyekatizwa usingizi. Jina lake rasmi lilikuwa la Kihispania na hakuna aliyeweza kulitamka vizuri, kwa hiyo mimi nilimwita Bwana Mdogo, maana alikuwa na maringo kuliko kimo chake. Alikuwa peke yake, dume mzee, katika bustani ndogo ya wanyama ndani ya parki moja ya kaskazini-magharibi ya London, bustani ambayo imeshafungwa zamani. Mwaka ninaousimulia ni ule niliopewa kazi ya kumtunza. Jambo lililokuwa mezani mwaka mzima lilikuwa moja tu, kama ataishi, na mimi niliyetaka aishi kuliko mtu yeyote ndiye niliyekuwa nikimmaliza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimepanga chumba cha juu kwa Mama Salome, Mkenya aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee. Chumba kilikuwa na kitanda, kabati ambalo mlango wake mmoja haufungi, na dirisha lililotazama mapipa ya taka ya duka la mboga. Nilikipenda kwa sababu kilikuwa kidogo kiasi cha kusafishika chote kabla ya chai. Kwetu Muheza msichana aliamka akafagia uwanja kabla hajamsalimia mtu, na ile mistari ya fagio la chelewa mchangani ndiyo iliyokuwa sifa yake. Jirani akipita aliiangalia akajua ndani mna watu wa namna gani. Uwanja usiofagiwa ulimaanisha kuna mgonjwa, kuna msiba, au kuna uvivu. Maana ya nne sikuwahi kuisikia. Sasa London sikuwa na uwanja, kwa hiyo nguvu zangu zote nilizihamishia jikoni kwa Mama Salome. Nilisugua jiko lake mpaka likarudi rangi aliyoisahau, nikapanga chupa za viungo kwa urefu, nikavihamisha vyombo vya droo hii kwenda droo ile kwa utaratibu niliouona una akili zaidi. Jioni moja nikiwa ngazini nilimsikia akizungumza kwa simu na dada yake wa Lewisham. "Huyu msichana wa Tanzania ni mzuri, hana maneno," alisema, "lakini usafi wake utaniua. Jana nimetafuta mwiko wangu twenty minutes. Ati ameupanga." Nilirudi chumbani nimenuna. Niliona ni wivu tu, mwanamke mzima kushindwa kupika kwenye jiko safi.

Bustanini nilianza mwezi wa Septemba, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mzee wa Kihindi, mwembamba, kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi, amebeba ndoo ya karoti zilizokatwa. Hansa alinionyesha picha yake ya siku zile, na nilishangaa kuona hakuwa mzee hata kidogo. Alikuwa na umri nilio nao mimi leo. Mtu wa ofisini aliyenituma kwake aliniambia jina lake na kwamba aliondoka Mwanza akiwa kijana, basi nikamwambia, "Shikamoo, Mzee." Alisimama. Aliweka ndoo chini, akatazama nyuma kana kwamba nimemwamkia mwingine. "Marahaba," alisema. "Miaka mingapi hakuna mtu ameniamkia. Wewe wa wapi?" Nikasema Muheza. "Basi njoo kwanza unywe chai, wanyama hawaendi popote." Tulikunywa ndani ya kibanda cha zana, chai nzito ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, pamoja na mikate myembamba ya majani ya uwatu ambayo mkewe aliikunja ndani ya karatasi ya kung'aa. Kuanzia siku hiyo alileta mikate ya watu wawili. Nikiikumbuka ladha yake nakasirika upya, kwa sababu mtu aliyenilisha miezi mitatu angeweza pia kuniambia neno moja.

Kwa maana eneo la Mzee Jayanti lilikuwa aibu. Hilo nililiona kabla chai haijapoa. Wenzetu wa ndege na wa sungura walifagia, wakaosha, wakamwaga dawa. Uwanja wa Bwana Mdogo ulifagiwa hatua nne tu kutoka langoni, pale wageni walipoweza kuona, na baada ya hapo ilikuwa ni mianzi iliyoangukiana, majani yaliyooza, miiba ya matunda meusi na magogo yaliyoota kuvu. Huko nyuma kulikuwa na marundo ya samadi, si moja, manne au matano, madogo madogo na meusi. Nilimuuliza Mzee Jayanti kwa adabu. Alishika kiuno. "Mgongo, binti," alisema. "Nikiinama sisimami." Nilimwonea huruma kama wiki mbili. Kisha nikamwona akibeba magunia mawili ya chakula kwa mkupuo mmoja, na huruma ikaisha. Moyoni nilimpa jina, mvivu, na nikala mikate yake na jina hilo kinywani.

Mwishoni mwa Novemba kaka yake alifariki kule Rajkot, naye akaomba likizo ya wiki saba. Siku ya kuondoka alinipitisha uwanjani. "Fagia pale mbele watu wanapopita," alisema. "Huko nyuma niachie."

"Nikuachie vipi, Mzee? Ni pachafu."

"Uchafu wangu huo. Nikirudi nitaushughulikia."

"Na mgongo?"

"Mgongo utakuwa umepumzika," alisema, akacheka peke yake.

Nilivumilia siku moja. Siku ya pili nilishuka kwenye basi Kingsbury Road, nikaingia duka la Wagujarati linaloweka ndoo na sufuria barabarani, nikakuta fagio la chelewa. La kweli, si la plastiki. Nililishika mkononi nikahisi nimekuwa mtu. Asubuhi iliyofuata nilifika kabla ya wenzangu, nikaanza nyuma kabisa ukutani nikirudi kinyumenyume kuelekea langoni, kama nilivyofundishwa, ili nisiache unyayo wangu. Nilizoa majani yote, na marundo yote ya samadi. Nilikata matawi ya chini ya mianzi ili fagio lipite. Kulikuwa na magogo na vijiti vilivyokuwa na mafuta mafuta yenye harufu kali, nikaviosha kwa sabuni na maji ya moto. Nilipomaliza, ardhi yote ilikuwa na mistari, kutoka ukutani hadi langoni, na mimi nilisimama nje ya wavu natazama kazi yangu mpaka machozi yakanilengalenga. Muheza nzima ingeweza kupita pale isinitoe kasoro.

Bwana Mdogo alitoka kwenye kibanda chake, akapiga hatua mbili juu ya mistari yangu, akasimama. Manyoya yote yalimsimama. Alianza kutetemeka, mwili mzima, kutoka shingoni hadi kwenye kijimkia chake. Nikadhani ni baridi. Nikamwongezea majani makavu ya kulalia. Leo najua pudu hutetemeka hivyo akiwa amekasirika, na nina hakika hakuna kiumbe aliyewahi kunikasirikia kwa haki kuliko yule. Alibweka mara moja, sauti fupi kavu, akarudi ndani.

Kuanzia hapo aliacha kula. Si mara moja, alipunguza. Kwanza aliacha karoti, kisha majani ya miiba, kisha hata tufaha ambalo zamani alilipokea langoni akisimama kwa miguu ya nyuma. Mchana alikaa pembeni amebana ukuta. Kila usiku, nadhani, alijaribu kuanza upya, maana asubuhi nilikuta kijirundo kidogo cha samadi mahali pamoja na alama za kwato zikipita na kurudi njia ile ile, nami nikafuta vyote. Alivyozidi kukonda ndivyo nilivyozidi kufagia, kwa sababu mnyama mgonjwa anataka mahali safi, nani asiyejua hilo. Mwezi wa Januari pembe zake zilidondoka, moja leo, nyingine kesho. Nilizikusanya pamoja na takataka. Hilo peke yake huniamsha siku nyingine.

Na sifa nilipewa. Meneja wetu alikuwa Mwingereza aitwaye Helen, mwanamke wa haki, mwenye daftari, aliyeniomba nisimwite Bi Helen na nikashindwa. Alipita wiki ya pili akasimama pale wavuni na mdomo wazi. Alisema miaka sita hajaona ukuta wa nyuma wa uwanja ule. Aliwaita wenzangu waje waone. Akasema nikiendelea hivi ataniombea kazi ya kudumu, na nilivimba kichwa, nilikwenda nyumbani nikampikia Mama Salome wali wa nazi. Daktari wa mifugo alikuja mara mbili, akaangalia meno, akaangalia minyoo, hakuona kitu. Alimpima kwenye mizani. Bi Helen aliandika namba ile kwenye daftari, akasema ikishuka tena hadi mwisho wa Februari itabidi Bwana Mdogo ahamishwe, kuna bustani kubwa kaskazini yenye mabanda ya kupasha joto. Daktari akasema kwa umri ule, safari hiyo asingeipendekeza. Nilirudi uwanjani nikachukua fagio.

Kilichonisimamisha ni mafua. Siku nne sikuweza kuinuka kitandani, na Mama Salome alinipandishia uji wa wimbi mara mbili kwa siku, akinung'unika. Siku ya tatu nilijisikia nafuu kidogo nikashuka jikoni, na bila kufikiri nikaanza kupanga barua zake zilizotapakaa mezani. Alininyang'anya. "Mwajuma, sikiza," alisema. "Mimi nikirudi kutoka kazini nimechoka, nataka kukuta vitu mahali niliviacha. Hata kama ni vibaya. Hiyo meza ndiyo inaniambia niko kwangu. Ukiipanga, naingia kwa nyumba ya mtu mwingine, unaelewa?" Nilisema naelewa. Sikuelewa, nilikuwa na homa, na niliona amenionea. Lakini siku ya tano nilipofika bustanini, nikafungua lango, nilisimama na fagio mkononi kwa muda mrefu. Kijana wa kibarua cha Jumamosi aliyeshika zamu yangu alikuwa akitupia chakula juu ya wavu, hakuingia hata mara moja. Majani yalikuwa yamerudi. Katikati ya majani kulikuwa na njia, nyembamba, upana wa viganja viwili, inaanzia kibandani, inazunguka gogo, inapotelea kwenye mianzi. Mwanzoni mwa njia, rundo. Kwenye kona ya gogo, rundo jingine. Vijiti viwili vilikuwa na yale mafuta yenye harufu. Na chakula kilichotupwa kilikuwa kimeliwa chote.

Nilikaa chini, kwenye uchafu, na suruali yangu ya kazi. Haikuhitaji kusoma sana. Ilikuwa ni nyumba. Kila rundo lilikuwa mahali pake, kila kijiti alikuwa amekipaka mwenyewe kwa tezi za usoni ili akipita ajijue yuko wapi, na mimi kwa wiki tano nilikuwa nikiingia kila asubuhi kuibomoa na kusifiwa.

Mzee Jayanti alirudi wiki iliyofuata, amenyoa nywele kwa ajili ya kaka yake. Nilimngoja kibandani. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, lakini nilipomwona amekaa anafungua karatasi ya mikate, hasira ilitangulia.

"Ulijua," nilisema.

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia, Mzee? Wiki saba. Angekufa."

Alitafuna kwanza. "Miaka kumi nyuma nilimwambia meneja wa zamani. Nikaandika barua, mara mbili. Nikasema huyu ni mnyama wa kichakani, anaishi kwa harufu yake, msimfagilie. Walisoma, wakasema vizuri sana, wakaleta watu wawili na reki. Nikafikiri. Nikawaambia mgongo unaniuma. Basi. Hakuna mtu ameleta reki tena."

"Kwa hiyo mgongo wako hauumi."

"Mgongo wangu mzima kuliko wako."

"Na mimi ungeniambia, kungekuwa na ubaya gani?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe binti wa kusema kweli," alisema. "Ningekuambia, ungekwenda kusema. Sasa sikiliza. Kuanzia leo na wewe mgongo unakuuma."

Nilicheka kwa dharau. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na mgongo wangu ulikuwa mzima, na nililelewa kwamba mtu anayesingizia ugonjwa anauita. Nikamwambia sitasema uongo kwa sababu ya majani makavu. Hakubishana. Alinimiminia chai.

Februari ile ilikuwa, nikisema ukweli, wiki bora za ujana wangu, na inaniudhi kwamba nazikumbuka kwa utamu. Niliacha kufagia, nikaanza kutazama. Mzee Jayanti alinionyesha pa kukaa, nyuma ya pipa la maji, kimya, alfajiri na kabla ya jua kuzama, saa ambazo pudu hutembea. Nilimwona Bwana Mdogo akipanda gogo lililolala mpaka juu kabisa, akinyoosha shingo. Nilimwona akikanyaga mwanzi mchanga kwa mguu wa mbele, akautembelea mpaka ukainama, akala majani ya ncha. Hakunywa maji karibu kamwe. Maji yake alikuwa akiyapata kwenye majani. Akishtuka hakukimbia moja kwa moja, alikata kushoto, kulia, kushoto, na mwisho alikuwa akiishia mahali pamoja, shimo la chini ya shina lililoanguka, nyuma ya miiba, ambapo mtu mzima asingedhani hata paka angeenea. Mimi na Mzee Jayanti tu ndio tuliojua mahali pale. Tulificha mizani bapa chini ya majani kwenye njia yake, akaipita bila kujua. Namba ilipanda. Wiki iliyofuata ikapanda tena. Manyoya yake yalianza kung'aa, na vifundo vya pembe mpya vilichomoza chini ya ngozi laini.

Ningenyamaza hapo. Mtu yeyote mwenye akili angenyamaza hapo. Lakini Bi Helen alipita na wageni wa baraza la mtaa, akaona uwanja, akaniita pembeni. Hakupaza sauti. Alisema amesikitika, alidhani mimi ni tofauti. Neno lile, tofauti, lilinichoma. Mzee Jayanti alikuwa hatua kumi kutoka pale, ameshika kiuno kwa mikono miwili, ananitazama kwa nguvu. Nilijua anachotaka. Nilitakiwa kushika kiuno changu, basi. Ningekosa sifa, labda ningekosa na kazi ya kudumu, ningeitwa mvivu kama yeye alivyoitwa miaka kumi. Nikamwambia Bi Helen naomba nije ofisini kwake.

Nilieleza vizuri. Kiingereza changu hakijawahi kuwa kizuri kama siku ile. Nilieleza marundo, vijiti, njia, mistari ya fagio, nikamwekea mbele namba za mizani. Aliuliza maswali mazuri akaandika. Aliuliza kama Mzee Jayanti alilijua jambo hili tangu zamani, na mimi, katika utamu wa kusikilizwa, nikasema ndiyo, ndiyo maana akasingizia mgongo. Kalamu yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Aliniambia hiyo ni kazi ya kiwango cha juu. Nilitoka mle ofisini natembea juu juu.

Baada ya wiki mbili barua zilikuja. Mzee Jayanti alipewa onyo la maandishi kwa kudanganya kuhusu afya yake. Na kuhusu Bwana Mdogo, barua ilisema kwamba, kutokana na maelezo mapya, imebainika mnyama huyu anahitaji mazingira ambayo bustani iliyo wazi kwa umma, yenye sheria zake za usafi, haiwezi kuyatoa; kwa hiyo kwa faida yake mwenyewe atahamishiwa kaskazini mwezi wa Machi. Waliyachukua maneno yangu yote, hawakupindua hata moja. Nilikwenda kibandani na barua. Mzee Jayanti alikuwa ameshaisoma yake. Alinisogezea mkate. Nilimwambia anitukane. "Kula," alisema.

Siku ya kumkamata walikuja watu wanne na nyavu na mbao za kuzibia njia, na daktari, na sanduku lililotobolewa matundu. Walipoingia tu alikata kushoto, kulia, akatoweka. Walipekua mianzi yote. Walipita mara tatu karibu na lile shimo. Daktari alitazama saa yake akasema wasimkimbize tena, kwa umri ule moyo unaweza kusimama. Ama apatikane kwa mkupuo mmoja wa haraka au gari liondoke na siku nyingine ipangwe. Bi Helen alinigeukia, kwa upole. "Mwajuma, wewe unazijua njia zake."

Mzee Jayanti alikuwa langoni ameshika ubao. Bila kugeuza kichwa, alisema kwa Kiswahili, sauti ya kawaida kama anayezungumzia mvua, "Sema hujui."

Nilifikiri, na ningependa iandikwe kwamba nilifikiri. Nilifikiri wakianza kumkimbiza tena atakufa mbele ya macho yangu. Nilifikiri gari likiondoka, litarudi. Nilifikiri pia, na hili nalisema kwa sababu aliyestahili kulisikia ameshachomwa, kwamba ni mimi niliyelitafuta shimo lile kwa majuma kwa macho yangu, na kwamba watu wanne wenye nyavu wameshindwa ninachokijua. Nikanyoosha kidole.

Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Hakubweka. Daktari alinipigapiga begani.

Barua kutoka kaskazini ilifika mwezi wa Mei, na Bi Helen aliisoma sote tukiwa kwenye mapumziko. Bwana Mdogo alikuwa amewekwa kwenye banda jipya lenye joto, sakafu yake ya kuoshwa, mpaka uwanja wake utakapokuwa tayari. Siku za mwanzo alikula kidogo, kisha akaacha. Walijaribu kila kitu, hawakuweza kumwokoa. Bi Helen alikunja karatasi, akasema anasikitika sana, na alisikitika kweli, macho yalikuwa mekundu. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote, akasema nisijilaumu, bila mimi asingefika hata huko, na anapenda kunishukuru rasmi kwa msaada wangu siku ile. Nilimtazama Mzee Jayanti. Nilimsubiri aseme neno lolote, kwa lugha yoyote. Alikuwa anapuliza chai yake. Watu walikuwa wananisubiri mimi, na nimelelewa kwamba mtu akikushukuru humwachi hivi hivi, basi nikasema asante.